Chokoleti ya bei mbaya si dawa ya mtoto: Uvumi saba ambao mzazi anapaswa kuupima

Machi 2015, gazeti la Bild la Ujerumani liliweka ukurasa wa mbele habari iliyowafurahisha wengi: ukila chokoleti nyeusi kila siku, unapungua uzito haraka zaidi. Habari hiyo ilisambaa katika magazeti, redio na tovuti za nchi nyingi. Ilikuwa na jina la daktari, jina la taasisi na jarida la kisayansi lililochapisha utafiti.

Miezi miwili baadaye ukweli ukajulikana. "Daktari" huyo alikuwa mwandishi wa habari wa Marekani, John Bohannon, na taasisi yake ilikuwa tovuti tu. Alitaka kuonyesha jinsi sayansi mbovu ya chakula inavyopita hadi kwenye vichwa vya habari bila mtu kuuliza maswali. Utafiti ulifanyika kweli, lakini kwa watu 15 tu, kwa wiki tatu, huku akipima mambo 18 tofauti: uzito, lehemu, usingizi na mengineyo. Ni sawa na kununua tiketi 18 za bahati nasibu; moja ikishinda, unatangaza hiyo na kuzinyamazia nyingine 17.

Bohannon alikiri mwenyewe, kwa maandishi, tena hadharani. Hata hivyo, hadi leo ujumbe wa "chokoleti nyeusi inapunguza mwili" bado unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, na kila mara unaletwa kama habari mpya.

Kwa mtu mzima, kosa la namna hiyo linaweza kuishia kwenye mfuko. Kwa mtoto ni jambo jingine, kwani mwili wake ni mdogo, meno yake yanaota na mzio wake huenda bado haujajulikana. Leo tunaupima uvumi saba unaosikika zaidi kuhusu chokoleti, hasa ile inayouzwa kwa jina la "hali ya juu".

1. "Chokoleti nyeusi ni dawa ya moyo, mpe na mtoto"

Uvumi huu una chembe ya ukweli, na ndiyo maana haufi. Kakao ina viambata viitwavyo flavanoli ambavyo husaidia mishipa ya damu kutanuka. Wanasayansi wamevichunguza kwa miaka mingi.

Utafiti mkubwa zaidi, uitwao COSMOS, ulichapisha matokeo yake mwaka 2022. Ulihusisha watu zaidi ya 21,000 nchini Marekani, wanaume kuanzia miaka 60 na wanawake kuanzia miaka 65. Nusu yao walimeza kila siku vidonge vyenye miligramu 500 za flavanoli za kakao. Kwa jumla ya matukio ya moyo na mishipa, tofauti kati ya makundi haikutosha kusema kwamba vidonge ndivyo vilivyosaidia. Vifo vitokanavyo na maradhi hayo vilipungua, lakini watafiti wenyewe walisema jambo hilo linahitaji kuchunguzwa zaidi.

Angalia mambo matatu hapo. Walikuwa wazee, si watoto. Walimeza vidonge, si baa yenye sukari. Halafu chokoleti ya dukani hupoteza sehemu kubwa ya flavanoli wakati wa kuchachushwa na kukaangwa, na unga wa kakao uliotiwa magadi ili uwe mweusi na usiwe mchungu hupoteza zaidi. Weusi wa rangi peke yake hauthibitishi faida yoyote.

Kula chokoleti kwa sababu ni tamu. Hilo halina ubaya. Ila ukimpa mtoto, usiihesabu kuwa ni dawa.

2. "Asilimia ikiwa kubwa, chokoleti ni bora na salama zaidi"

Asilimia 70 iliyoandikwa kwenye baa ina maana moja tu: katika kila gramu 100, gramu 70 zimetokana na punje za kakao, yaani kakao iliyosagwa pamoja na siagi yake. Zinazobaki, karibu gramu 30, kwa kawaida ni sukari. Asilimia haisemi punje zilikuwa nzuri au zimeoza, zilichachushwa vizuri au vibaya. Unaweza kupata baa ya asilimia 85 iliyoungua na baa ya asilimia 60 iliyotengenezwa kwa ustadi.

Ni kweli kwamba asilimia ikipanda, sukari hupungua. Lakini kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi. Mti wa kakao hufyonza madini ya kadimiamu kutoka kwenye udongo, na madini ya risasi huweza kuingia kupitia vumbi wakati punje zinaanikwa juani. Kakao ikizidi katika baa, madini hayo nayo huweza kuzidi.

Desemba 2022, shirika la kutetea walaji la Marekani, Consumer Reports, lilitangaza kwamba lilipima baa 28 za chokoleti nyeusi na kukuta kadimiamu na risasi katika zote. Baa 23 zilikuwa na kiwango ambacho, kama mtu mzima angekula takriban gramu 28 kila siku, angevuka kikomo cha tahadhari ambacho shirika hilo lilikitumia kwa angalau moja ya madini hayo. Umoja wa Ulaya nao umeweka ukomo wa kadimiamu katika chokoleti tangu mwaka 2019.

Hii si sababu ya kuitupa chokoleti uliyo nayo kabatini. Kipande cha mara mojamoja hakina haja ya kumtia mtu hofu. Tatizo ni mazoea: mzazi anayempa mtoto baa nyeusi kila siku akiamini anamjenga afya. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na kiwango salama kwa mtoto hakijapatikana. Wanawake wajawazito nao wana sababu ya kuwa waangalifu.

3. "Chokoleti nzuri hutoka Ulaya, na bei ndiyo kipimo"

Ubelgiji na Uswisi hazina shamba hata moja la kakao. Mti huo hupenda joto, mvua na kivuli, na hustawi karibu na ikweta. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hulimwa Ivory Coast na Ghana. Kwa upande wetu ipo Kyela mkoani Mbeya, bonde la Kilombero mkoani Morogoro, Bundibugyo nchini Uganda na Beni upande wa Kongo.

Ladha ya chokoleti huanza kutengenezwa hukohuko shambani. Tunda likipasuliwa, ndani kuna punje 20 hadi 50 zilizozungukwa na utelezi mweupe mtamu. Punje hufunikwa zichachuke kwa siku tano hadi saba, kisha huanikwa. Mkulima akifupisha siku hizo, hakuna kiwanda kitakachorudisha ladha iliyopotea. Kazi ya kukaanga, kusaga na kuchanganya sukari hufuata baadaye.

Kakao yetu inajulikana kwa watengenezaji wa chokoleti ya hali ya juu. Kampuni ya Askinosie ya Missouri, Marekani, hutengeneza baa iliyoandikwa jina la Mababu, kijiji cha Kyela. Dandelion ya San Francisco huuza baa ya kakao inayochachushwa na Kokoa Kamili, kampuni inayonunua punje mbichi kwa wakulima wadogo wa Kilombero. Mtoto wa Kyela anayedhani chokoleti ni kitu cha Wazungu hajaambiwa kwamba kazi iliyo ngumu zaidi hufanywa na babu yake.

Kuhusu bei, kisa cha ndugu wawili wa Brooklyn, New York, kinafundisha. Rick na Michael Mast waliuza baa moja kwa takriban dola 10, ikiwa imefungwa kwa karatasi za kupendeza, na walijulikana kwa kutengeneza kila kitu wenyewe kuanzia punje. Mwaka 2015 mwandishi mmoja wa mtandaoni alichapisha uchunguzi uliowatuhumu kwamba mwanzoni waliyeyusha chokoleti ya kiwanda kingine na kuiuza kama yao. Ndugu hao walikiri kwamba siku za mwanzo walitumia chokoleti iliyokwisha kutengenezwa, ingawa walikanusha kuwadanganya wateja. Wanunuzi wengi hawakuwa wamegundua kitu kwa kuonja.

Jina kubwa nalo si kinga. Aprili 2022, kiwanda cha Ferrero kilichopo Arlon, Ubelgiji, kilifungwa kwa muda baada ya chokoleti za Kinder kuhusishwa na bakteria wa salmonela. Wagonjwa zaidi ya 150 walithibitishwa, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka 10. Bidhaa zilirudishwa kutoka madukani katika nchi nyingi. Kwa hiyo, mzazi, tangazo la kurudisha bidhaa likitoka, lifuate hata kama zawadi imeletwa na shangazi kutoka ng'ambo.

4. "Ikiwa na utando mweupe, imeoza"

Hapa wengi hutupa chakula kizuri. Utando wa kijivu au mweupe unaoonekana juu ya chokoleti mara nyingi ni mafuta yake yenyewe yaliyopanda juu baada ya kupata joto na kupoa tena. Wakati mwingine ni sukari iliyoyeyushwa na unyevu, hasa baa ikitolewa kwenye friji na kutoa jasho. Haina madhara, ila ulaini na ladha hupungua. Unaweza kuitumia kwenye keki au kuiyeyusha kwenye maziwa.

Ukungu wenyewe unatambulika. Una manyoya, huwa na rangi ya kijani au nyeusi, na unanuka. Huo tupa, hasa kama baa ina njugu au matunda ndani.

Kinyume chake, kuna wanaosifu baa isiyoyeyuka juani wakidhani ni imara. Siagi halisi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, ndiyo maana chokoleti nzuri hulainika mdomoni bila kutafunwa. Baa inayokaa mchana kutwa kwenye kibanda cha Dar es Salaam au Mombasa bila kulegea kwa kawaida imetengenezwa kwa mafuta mengine, kama ya mbegu za mawese. Si sumu, lakini usilipe bei ya chokoleti halisi kwa kitu kilichotiwa unga kidogo wa kakao. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mafuta ya namna hiyo hayaruhusiwi kuzidi asilimia 5 katika bidhaa iitwayo chokoleti.

Kwa kuhifadhi, weka sehemu kavu na yenye kivuli. Kama nyumba ina joto na huna budi kutumia friji, funga kwenye chombo kisichoingiza hewa, mbali na samaki na vitunguu, maana chokoleti hunyonya harufu. Ukiitoa, iache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua.

5. "Chokoleti nyeupe ni ya maziwa, inamfaa mtoto mchanga"

Chokoleti nyeupe ni siagi ya kakao, maziwa na sukari, bila ile sehemu ya kahawia ya kakao. Sukari mara nyingi huwa nusu ya uzito wake au zaidi. Ndiyo tamu kuliko zote, na haiwezi kuhesabiwa kama maziwa ya mtoto.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri sukari inayoongezwa kwenye chakula isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Tufanye hesabu. Mtoto anayehitaji kalori 1,200 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 30 za sukari, na asilimia 5 ni gramu 15, yaani karibu vijiko vinne vya chai. Baa ya gramu 50 ya chokoleti nyeupe ina takriban gramu 25. Kabla hujahesabu chai ya asubuhi, juisi na biskuti, nafasi imekwisha.

Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, madaktari wa watoto hushauri kuepuka kabisa sukari ya kuongezwa. Hapo hakuna chokoleti, iwe nyeupe, ya kahawia au nyeusi. Mpe ndizi, papai au parachichi. Hajui anachokikosa.

6. "Chokoleti inawapandisha watoto wazimu"

Kila mzazi aliyehudhuria sherehe ya kuzaliwa ameyaona: keki imeliwa, chokoleti zimeisha, watoto wanaruka juu ya makochi. Lawama huangukia sukari.

Mwaka 1995 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio kadhaa ya watoto waliopewa sukari au kitu kinachofanana nayo bila wao, wazazi wala watafiti kujua nani kapewa nini. Haikuonekana kwamba sukari hubadili tabia ya watoto.

Jaribio jingine la mwaka 1994 lilihusisha wavulana 35 wa miaka mitano hadi saba ambao mama zao waliamini sukari inawachachamaza. Watoto wote walipewa kinywaji kisicho na sukari. Lakini mama walioambiwa "mwanao amekunywa sukari nyingi" waliwaona watoto wao kuwa watundu zaidi, wakawakosoa na kuwafuatilia kwa karibu zaidi. Kwenye sherehe kuna muziki, wenzao na ruhusa ya kucheza. Hayo yanatosha kumrusha mtoto.

Kafeini ni suala tofauti. Chokoleti nyeusi ya asilimia 70, gramu 30, ina takriban miligramu 20 hadi 25 za kafeini, ilhali ya maziwa ina kama 6. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya hutumia kipimo cha miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto kwa siku. Mtoto wa kilo 20 ana nafasi ya 60. Kipande hakimdhuru, lakini baa nyeusi nzima ya gramu 100 inamvusha kikomo, na ikiliwa usiku usishangae usingizi ukichelewa. Kumbuka kwamba soda nyeusi na chai ya rangi nazo zina kafeini.

Sukari, hata isipomtia mtoto wazimu, bado inatoboa meno. Tamu iliwe pamoja na mlo, anywe maji, na apige mswaki kabla ya kulala.

7. "Nyeusi haina maziwa, kwa hiyo mwenye mzio ale tu"

Huu ndio uvumi wa hatari kuliko yote katika orodha yetu. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza matokeo ya kupima baa 94 za chokoleti nyeusi. Sita tu ndizo zilizoandika maziwa kwenye viambato. Katika zilizobaki, zaidi ya nusu zilikutwa na maziwa. Sababu ni kwamba mitambo ileile hutumika kwa chokoleti ya maziwa.

Siku hizi kuna "chokoleti ya Dubai", ile yenye pistachio na tambi za kunafa ndani, iliyopata umaarufu baada ya video ya TikTok ya mwishoni mwa 2023. Ya asili ilibuniwa Dubai, lakini mafanikio yake yamezaa nakala nyingi kutoka kila pembe. Mwaka 2025 mamlaka ya chakula ya Uingereza, FSA, ilitahadharisha kwamba baadhi ya bidhaa za mtindo huo zina vitu vinavyosababisha mzio ambavyo havikuandikwa kwenye lebo. Anayerudi kutoka Ghuba na sanduku la zawadi ana nia njema, lakini pistachio ni pistachio.

Dalili za mzio mkali ni midomo au uso kuvimba, vipele vya ghafla, kutapika, kukohoa na kupumua kwa shida. Usisubiri wala usimpe maziwa "kuua sumu". Mkimbize hospitali mara moja. Kama mwanao anajulikana kuwa na mzio, mwambie mwalimu, msaidizi wa nyumbani na bibi yake pia, maana zawadi hutoka kila upande. Na kwa watoto wa chini ya miaka minne, epuka chokoleti zenye karanga au korosho nzima hata kama hawana mzio. Zinaweza kuwakwama kooni.

Dukani, soma hivi

Geuza paketi kabla ya kuangalia picha ya mbele. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kama cha kwanza ni sukari, unanunua sukari yenye kakao, hata kama karatasi ni ya dhahabu. Tafuta maneno "siagi ya kakao". Ukikuta "mafuta ya mimea" mwanzoni, ujue ni bidhaa ya aina nyingine na bei yake ishuke. Fanya hivyohivyo kwa makopo ya unga wa kinywaji cha chokoleti, kwani mengi yana sukari na kimea kuliko kakao. Unga wa kakao halisi una kiambato kimoja: kakao. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Lebo ya lugha usiyoielewa isiingie kwenye mfuko wa shule.

Na ujumbe mwingine ukiingia kwenye simu yako ukisema "wanasayansi wamethibitisha", jiulize maswali matatu kabla ya kuusambaza. Waliopimwa walikuwa wangapi? Walikuwa watu wa umri gani? Walikula kitu gani hasa, na kiasi gani? Kama ujumbe haujibu hata moja, ufute, usiupeleke kwenye kundi la wazazi.